Regyuleta Iliyolala Uvunguni

Januari mwaka huu nilivuta sanduku la plastiki kutoka uvunguni mwa kitanda, nikapiga chafya mara tatu, nikalifungua. Ujana wangu wote ulikuwa humo: mapezi mawili, miwani ya kuzamia, suti ya mpira, jaketi la kuelea, na regyuleta, kifaa cha kuvutia hewa chini ya maji, iliyoviringishwa ndani ya taulo kama kichanga. Nilivifungia humo miaka 13 iliyopita, nilipoacha kuongoza wapiga mbizi Nungwi nikaja Dar es Salaam kufanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Nilijiapiza kwamba kila mwezi nitavuka kwenda Unguja kupiga mbizi angalau mara moja. Nyinyi wenye ajira, watoto na kiwanja cha kulipia kidogo kidogo mnajua kilichofuata.

(Natumia neno mpiga mbizi kwa makusudi. Mtaani kwetu ukisema fulani ni mzamiaji, watu wanauliza kama meli ilimfikisha Ulaya au alishushwa Durban.)

Suti ndiyo iliyonikejeli kwanza. Iligoma mapajani. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kama suti imesinyaa au mimi nimefura. Nikamweleza kwamba mpira wa neoprini umejaa vipovu vya gesi, na ukizamishwa miaka mingi kisha ukawekwa, vipovu hupungua na mpira hukakamaa. Hayo ni kweli tupu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, akaondoka zake, na nafikiri ingekuwa nafuu angecheka.

Miwani ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Kamba ya pezi la kulia ilikatika nilipoigusa. Regyuleta peke yake iling'aa. Nikaitia mdomoni, nikavuta, nikapata ladha ya raba na vumbi, na moyo ukaruka. Hii bado nzima, nikasema.

Nikapigia simu marafiki watatu wa enzi zile kuwauliza nifufue nini na ninunue nini. Wote walinijibu maneno ambayo hata mimi niliwaambia wageni kwa miaka: anza na regyuleta, maana hiyo ndiyo roho yako, vingine utakodi. Nimeyapima maneno hayo kwa fedha yangu mwenyewe, na sasa nayapinga. Mtu anayerudi majini baada ya miaka mingi asinunue regyuleta mwaka wa kwanza, wala asifufue ya zamani kwa mapenzi. Akodi. Fedha yake aiweke kwenye miwani na kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi. Na kabla ya kuulizia bei ya chochote kikubwa, atafute fundi.

Wa kwangu nilimpata Nungwi, nyuma ya ufukwe wanakounda majahazi, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tulikuwa tunafahamiana kwa sura tangu zamani. Aliilaza regyuleta yangu juu ya kitambaa cheupe, akaifunga kwenye mtungi uliojaa, akachomeka geji ndogo kwenye mpira unaokwenda kwenye jaketi, akafungua hewa. Mshale ukapanda hadi bar 9.5 ukatulia. Nikamtazama kwa ushindi. Akanyanyua kidole kimoja: subiri. Mshale ukaanza kutambaa, polepole kama wa dakika kwenye saa ya ukutani. Kumi. Kumi na nusu. Kumi na moja na ushei. Ulipokaribia 12, kile kipande cha mdomoni kikaanza kuzomea, hewa ikitoka bila mtu kuvuta.

"Sheikh," alisema akifunga mtungi, "hii haizibi tena."

Kisha akaifungua. Pale hewa inapoingilia pana kichujio kidogo cha shaba, duara lenye upana wa kitufe cha shati. Kinatakiwa kiwe na rangi ya dhahabu. Changu kilikuwa kijani kibichi. Maana yake ni kwamba siku ile ya mwisho niliisuuza bila kubana kifuniko chake vizuri, tone la maji ya chumvi likaingia, nikalifungia humo pamoja na taulo, likala miaka 13 bila haraka. Oringi, zile pete za raba za kuzibia, alizozitoa kwa kijiti hazikuwa duara tena. Zilikuwa zimelala bapa. Moja ilikatika kwenye kijiti kama tambi iliyokauka.

Ili uelewe kwa nini kifaa kinachong'aa kinaweza kuwa kibovu hivyo, inabidi ujue kinachofanyika ndani. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani na petroli ikiwa adimu, mhandisi Émile Gagnan alikuwa na vali iliyobuniwa ili magari yaendeshwe kwa gesi. Jacques Cousteau, afisa wa jeshi la maji, alitaka kitu kitakachompa hewa chini ya maji pale tu anapovuta. Wakaunganisha mawazo, na tangu hapo msingi wa regyuleta haujabadilika sana. Hatua ya kwanza, ile inayokaa kwenye mtungi, huishusha presha kutoka bar 200 hadi kama bar 10 zaidi ya presha ya maji yanayokuzunguka. Hatua ya pili, ya mdomoni, huimalizia na kukupa hewa yenye presha sawasawa na ya kina ulichopo. Kazi yote hiyo inategemea kiti kidogo cha plastiki ngumu, springi, kiwambo cha mpira na oringi kadhaa. Kila unapovuta pumzi vali inafunguka, ukiacha, inajifunga. Ikishindwa kujifunga sawasawa, mshale unatambaa kama ule wa kwangu.

Mashine ya namna hii hupenda kutumika. Ya kukodisha, inayoshuka majini siku tano kwa wiki na kusuuzwa kila jioni, raba zake hubaki laini na ugonjwa wake husikika mapema: inavuja kidogo, inavutika kwa shida, mtu anasema, inapelekwa mezani. Ya kwako iliyolala uvunguni haina wa kuisemea. Watengenezaji huagiza ifunguliwe kila mwaka au miwili hata kama haikutumika, na sisi tunasoma sentensi hiyo kama tunavyosoma masharti ya benki.

Sasa, lililonibadilisha fikra halikuwa ile kutu. Lilikuwa ukutani. Nyuma ya fundi palikuwa na ubao wa misumari, na kwenye misumari vifuko vidogo vya plastiki vyenye raba na viti vipya, kila kifuko kimeandikwa modeli. Nikamwomba achukue cha kwangu anitengenezee. Hakikuwepo. Vifuko vyote pale vilikuwa vya aina tatu tu za regyuleta, zile ambazo vituo vya kupiga mbizi vya jirani vinatumia. Ya kwangu, ambayo niliinunua kwa mgeni mmoja kwa sababu gazeti la wapiga mbizi la Ulaya liliisifu, ilishaacha kutengenezwa. Angeweza kuagiza kifuko nje, kingekuja kwa mtu anayesafiri, huenda baada ya mwezi, huenda miwili. Na kingekuja kwa bei ambayo ningeona haya kuitaja nyumbani.

Kwa hiyo nasema: katika pwani hii yetu, anayekuchagulia regyuleta ni ule ubao wa misumari. Si gazeti, si video, si rangi. Uliza fundi aliye karibu nawe anashika aina gani, ana raba za aina gani, na yeye mwenyewe anazama na ipi. Ukipata majibu, chaguo lako limeshabaki kwenye vitu viwili au vitatu, na hapo ndipo unaweza kuanza kubishana kuhusu bei. Pia utajua kama mitungi ya hapo inafungwa kwa kubana au kwa kuskrubu ile wanayoiita DIN, maana si kila vali inapokea zote mbili, na hakuna aibu kubwa kuliko kukaa kwenye boti umevaa kila kitu, regyuleta mpya mkononi, na haiingii.

Najua pingamizi la kwanza dhidi ya kukodi: kinyaa. Niweke mdomoni kitu kilichokuwa kwenye midomo ya watalii mia? Dawa yake ni kidomo, kile kipande cha raba unachokiuma. Kinauzwa peke yake, kinashikwa na kibano kimoja cha plastiki kama vile vya kufungia nyaya, na kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Mimi natembea na cha kwangu mfukoni pamoja na vibano vinne.

Pingamizi la pili ni mtumba. Kila mwaka kuna mzungu wa Masaki au Oysterbay anayerudi kwao na anauza kila kitu, kuanzia friji hadi vifaa vya kuzamia, na bei huwa tamu. Mapezi, nunua. Mfuko wa kubebea, nunua. Suti kama inakutosha leo, si baada ya kupungua, nunua. Regyuleta usinunue mpaka fundi aifungue mbele yako, na muuzaji akisema hana muda wa kwenda kwa fundi basi na wewe huna muda wa kwenda kwake.

Kuhusu jaketi nina kisa. Kabla ya kuvuka kwenda Unguja nilitaka kujikumbusha kidogo, nikaazima bwawa la hoteli moja jijini, nikavaa jaketi langu la zamani na regyuleta ya rafiki. Upande wa kina una mita tatu hivi. Nikashuka, nikakaa sakafuni kwa raha, nikabonyeza kitufe cha kuingiza hewa kidogo ili nielee katikati. Kitufe kikaingia. Hakikurudi. Chumvi ya mwaka ule ilikuwa imekishika ndani kama gundi. Jaketi likaanza kujaa, likanibana mbavu, nikaanza kupanda, na mikono yangu, mikono iliyowahi kufundisha watu jambo hili hili, ikawa inapapasa kifuani bila kujua inatafuta nini. Jibu ni kuchomoa mpira wa hewa kwenye jaketi. Ni kitendo cha sekunde moja. Nilikikumbuka nilipokuwa tayari naelea juu kama boya, watoto wawili wa wageni wakinipigia makofi.

Kwenye bwawa ni kichekesho. Kutoka mita 20 baharini si kichekesho, kwa sababu hewa iliyo mapafuni mwako kwa kina hicho itataka nafasi mara tatu ukifika juu. Cheti changu hakina tarehe ya kuisha. Nilichokuwa nimepoteza ni mikono. Hiyo ni sababu nyingine ya kukodi mwanzoni. Ukivaa jaketi na regyuleta za kituo, kiongozi wako anavijua kwa kupapasa, gizani, akiwa amefumba macho. Yako ya mwaka 2009 anaiona leo kwa mara ya kwanza, pale pale unapoanza kuzubaa.

Nirudi kwenye vile viwili ambavyo nasema ununue. Miwani, kwa sababu uso ni wako peke yako. Iweke usoni bila kamba, vuta pumzi kwa pua, tikisa kichwa; ikidondoka, rudisha rafuni hata kama muuzaji ni shemeji yako. Ikiwa mpya, isugue vioo vyake kwa dawa ya meno mara mbili tatu, vinginevyo itakujaa ukungu. Mwenye masharubu anyoe kidogo chini ya pua. Hayo niliyajua tangu zamani.

Ambalo sikulijua ni kwamba nina miaka 47. Chini ya maji vitu huonekana vikubwa kwa karibu theluthi moja, na kwa sababu hiyo nilidhani macho yangu yangesamehewa. Hayakusamehewa. Kwenye jaribio la pili bwawani niliinua geji ya mtungi, nikaona duara na mshale, na namba zikiwa utelezi. Nikanyoosha mkono hadi mwisho. Mpira wa geji ukakatiza zoezi. Mtu anayerudi baada ya miaka 13 hujipima tumbo, hujipima pumzi, hupima presha ya damu kwa daktari kama inavyotakiwa, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba sasa wanasoma ujumbe wa simu kwa kuusogeza mbali. Nilinunua miwani ambayo kioo chake kina kipande cha kusomea upande wa chini, na sijawahi kutoa fedha kwa furaha kama siku hiyo.

Macho hayo hayo ndiyo yaliyonichagulia kompyuta. Wauzaji walinionyesha saa nzuri zenye ramani, dira, rangi na uwezo wa kupokea taarifa za mtungi. Mimi nilitaka namba kubwa. Nilichukua ya bei ya chini yenye kioo kipana, ambayo kina, muda na kasi ya kupanda vinasomeka bila kukunja uso.

Kwa nini hii usikodi? Kwa sababu kompyuta inakukumbuka. Inajua umezama asubuhi mara ngapi, kwa kina gani, na inahesabu naitrojeni iliyobaki mwilini mwako hadi jioni. Ukiivua na kumwachia mwenye kituo, kesho ukapewa nyingine, hesabu inaanza na mwili wa mtu mwingine. Hesabu zenyewe zina historia ya mbuzi. Mwaka 1908 Mskoti John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kwanza ya kupanda kwa vituo, baada ya kuwaweka mbuzi kwenye chumba cha presha na kuishusha kwa kasi tofauti. Mbuzi aliyepatwa na maumivu ya viungo aliinua mguu wa mbele. Kizazi changu kilifundishwa kwamba mwisho wa kasi ni mita 18 kwa dakika. Kompyuta nyingi za leo hupiga kelele ukipita 9 au 10. Ukirudi na mazoea ya zamani, utapanda mara mbili ya unavyoshauriwa sasa, huku ukijiona mstaarabu.

Katika pwani hii tunao watu waliolipa gharama ya kutojua hayo. Enzi zangu nilimfahamu kijana mmoja wa kijiji cha wavuvi aliyekuwa akizamia majongoo ya bahari kwa mtungi. Hakuwahi kufundishwa na mtu. Alishuka alipoyaona, akapanda mtungi ulipokaribia kwisha, akabadili, akashuka tena, mara nne, mara tano kwa siku. Jioni moja miguu haikumtii. Kijijini walisema kapigwa na jini wa maji, na kwa wiki nzima alifukiziwa udi. Nilipoondoka alikuwa anatembea kwa magongo mawili. Kila ninapomsikia mtu akisema kompyuta ni anasa ya wazungu, namwona yule kijana akivuka mchanga.

Jambo moja zaidi kuhusu uzito, maana hapa ndipo kila anayerudi hukosea. Kituoni nilisema risasi kilo sita mkandani kwa sababu ndizo nilizozoea. Kijana wa kituo akanitazama kiunoni kwa adabu. Mwili wa mtu hubadilika, na mafuta huelea. Suti mpya huelea kuliko kuukuu. Halafu hewa yenyewe ina uzito: mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400 za hewa, na hizo ni karibu kilo tatu. Ukizivuta nyingi, mtungi wa alumini ulioanza safari ukitaka kuzama unaimaliza ukitaka kuelea. Kwa hiyo tulipima kwenye maji mafupi, jaketi tupu, pumzi ya kawaida, hadi maji yakafika usawa wa macho, kisha tukaongeza kidogo kwa ajili ya mwisho wa mtungi. Zilitoka kilo nane. Namba hiyo nimeiandika kwa kalamu nyuma ya kadi yangu, nami nimeacha kubishana nayo.

Tulizama karibu na kisiwa cha Mnemba asubuhi ya kaskazi, maji yametulia. Kijana aliyeniongoza alizaliwa karibu na wakati nilipopata cheti. "Shikamoo mzee," aliniambia akinipa mkono wa kupanda boti, na hapo niliacha kumsimulia habari za zamani zangu. Kila nilichovaa kilikuwa cha kituo isipokuwa miwani, kompyuta na kidomo. Tulikwenda mita 14, dakika 41, kobe mmoja aliyekuwa na shughuli zake. Mara mbili nilijaza jaketi kupita kiasi na mara mbili nikachomoa mpira, mara ya pili bila kufikiri.

Tukapanda hadi mita tano kusubiri dakika tatu. Nikainua mkono. Namba ilikuwa pale, nyeusi, nene, ikishuka: tatu, mbili. Nilizisoma kama bango la barabarani.

Regyuleta ya zamani nilimwachia fundi. Alisema skrubu zake zitamfaa, na mwili wake atautumia kuwaonyesha vijana kutu ya kijani inavyokuwa. Tulikubaliana kwamba nikifikisha mbizi kumi nirudi kwake, tusimame mbele ya ubao wake wa misumari, anichagulie mpya. Zimebaki tisa.